Kichuguu ya Mama Awor na Mdomo Wangu

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa tatu
Mvua hakuna. Ngwen hakuna.
Lillian alisema niandike hivyo tu, mstari moja kila siku: mvua iko ama haiko, ngwen wametoka ama hawajatoka. Lakini kitabu ni kubwa, kurasa tisini na sita, na mimi tangu niache shule darasa la nne hakuna mtu amenipa karatasi bure. Nitaandika mpaka mkono ichoke.
Huyu Lillian ni msichana wa ng'ambo, Busia ya Kenya, anasoma mchwa huko chuo. Wengine wanasoma udaktari, wengine sheria, yeye mchwa, na mama yake anajua. Amegawia vitabu wanawake wanne wenye vichuguu hapa Mwello, upande wa Uganda. Kwetu alimletea mama mkwe wangu, Mama Awor, kwa sababu kichuguu ni yake. Alipewa na mama mkwe wake, na huyo alipewa na wake. Huku kichuguu inarithiwa kama ng'ombe. Mama Awor akashika kalamu vile mtu anashika panya kwa mkia, akanipa.
"Mke wa Ofwono, wewe ndiyo uko na maneno mingi. Yaweke hapo, masikio yetu ipumzike."
Bas, naandika Kiswahili kwa sababu Lillian Kidhopadhola hajui, na mimi mwenyewe ni binti wa huko Masaba, Msamia, niliolewa tu huku. Kwetu hawa wadudu wa kuruka tunaita chiswa. Huku ni ngwen. Kiswahili kumbikumbi. Majina tatu, utamu moja.

Jumatano, tarehe 5
Mvua hakuna. Jua inachoma mpaka kuku wanakaa chini ya kitanda.

Jumamosi, tarehe 8
Mvua hakuna, lakini machozi iko.
Mwezi wa sita wakwe wanakuja kumchukua binti yangu Prossy. Nikafungua sanduku nitoe gomesi ya kijani, nguo yangu ya sherehe, ile nimevaa mara moja tu, niiweke kwa jua. Nainua, naona Ofwono upande wa pili. Mchwa wamekula. Wamekula mgongo, wamekula mshipi, wakaacha vifungo viwili kama shukrani.
Ofwono akacheka. "Si uvae hivyo. Mwezi wa sita ni joto."
Sikumpa chai ya jioni.

Jumanne, tarehe 11
Mvua hakuna.
Leo nimefanya kazi. Wale mchwa wako na barabara yao, ile bomba ya udongo, inashuka ukutani nyuma ya kitanda, inapita chini ya jiko. Nikaifuata kama polisi. Imeenda mpaka mguu wa kichuguu ya Mama Awor, upande wa migomba, ikaingia hapo. Nikasema, angalia hawa wezi, wanajificha kwa boma ya tajiri. Ngwen wa watu wanakaa ndani kwa amani, mchwa wanapita chini yao kama wapangaji.
Nikaenda mpaka njia ya Osukuru, kwa duka ya dawa za shamba. Wakanipa chupa. Nikachanganya na maji, nikachimba kidogo kwa ile njia, nikamimina jagi moja. Mama Awor alikuwa kanisani na wamama. Sikumwambia. Ningemwambia ya nini? Nimemfukuzia wezi, akijua atashukuru.

Jumapili, tarehe 16
Mvua hakuna, lakini mawingu imeanza kuzungukazunguka kule Osukuru.
Halimah alikuja. Huyu ni rafiki yangu wa Busia mjini, upande wetu, anauza sokoni. Kila msimu ananunua ngwen yetu ya kukaanga na ya kukausha, anapeleka mpaka ng'ambo. Alikuwa amefunga, midomo mikavu, lakini mdomo wenyewe haufungi. Sisi wawili tukikaa pamoja hata jogoo anangoja zamu yake.
Akazunguka kichuguu, akapiga mkono pajani. "Mama Prossy, hii mwaka huu itatoa debe tano. Tano, mimi nakwambia."
Mama Awor akamwambia, "Binti, usihesabu vifaranga vya mwenzako."
"Mama, mimi sihesabu, mimi naomba Mungu kwa namba."
Hata Mama Awor alicheka, na hiyo kicheko yake tunaiona kama Krismasi, mara moja kwa mwaka.

Alhamisi, tarehe 20
Mvua imekuja! Ndogo, ya kunyunyiza tu, lakini udongo umenuka vizuri mpaka nikakumbuka mimba ya Prossy. Wakati huo nilikuwa navunja udongo ya hiyo kichuguu nakula kama biskuti. Mama Awor ndiyo alikuwa ananiletea kwa kitambaa, hasemi kitu, anaweka mlangoni anaenda. Nilikuwa msichana mgeni, sijui lugha. Sijawahi kumwambia asante kwa ile udongo. Naandika hapa.

Alhamisi, tarehe 27
Mvua usiku. Ngwen hakuna.
Lillian, ukisoma hapa, ruka. Ama soma, lakini usinitazame usoni.
Leo alikuja na jembe ndogo na chupa zake. Akachimba kichuguu ndogo kule kwa mihogo, ile haina mwenyewe. Tulikuwa mimi na yeye tu. Akatoa bonge akaniwekea mkononi.
"Mama, angalia. Hawa wadogo weupe ni wafanyakazi. Hawa wenye kichwa kikubwa ni askari."
Askari moja akaniuma hapo hapo. Nikamwambia kweli huyu ni askari, hajaniuliza hata kitambulisho.
Akanionyesha kitu kama sifongo, rangi ya mkate. Akasema hiyo ni shamba yao. Majani makavu na miti mikavu wanakula, wanaleta ndani, wanapandia uyoga, halafu uyoga ndiyo wanakula. Wakulima kama sisi. Ule uyoga mkubwa tunachuma kwa vichuguu wakati wa mvua ni mazao ya shamba yao imetokea dirishani. Chini kabisa kuna chumba ya malkia, amevimba kama kidole cha mtu mnene, anataga mayai mchana na usiku, na mume wake anakaa hapo kando miaka yote. Nikasema huyo mume nampenda. Ofwono hawezi kukaa kando yangu hata misa moja.
Akasema tena zile njia zao za chini ndiyo mvua inaingilia kwa udongo. Wanaleta udongo mzuri kutoka chini, wanaweka juu. Nikakumbuka mahindi ya Mama Awor, ile mistari karibu na kichuguu, kila mwaka ni kijani mpaka nyeusi, na sisi tunasema ana mkono.
Halafu akachukua moja kwa kidole. Mweupe kama wengine, lakini mgongoni alikuwa na vitu vinne vidogo, kama kucha za mtoto.
"Huyu ni ngwen. Mabawa bado yanaota. Wakikomaa wanangoja mvua, wanaruka, wanaenda kuanza nyumba mpya."
Nikauliza, "Ngwen anafanya nini kwa nyumba ya mchwa?"
"Mama, ngwen ni mchwa. Malkia mmoja, nyumba moja. Wengine wanazaliwa wa kazi, wengine wa kuruka."
Nikacheka. Nikamwambia, binti, mimi niko na lugha tatu hapa, na lugha zote zina jina ya yule wa kuruka, na jina ingine ya yule wa kukula nguo. Majina mbili, wadudu wawili. Kama kuku na bata.
Akanionyesha tena. Sikucheka tena.
Miaka ishirini na sita nimekaa kwa hii boma. Kila mwaka nimekula ngwen, kila mwaka nimelaani mchwa, na sijauliza mtu hata siku moja wanatoka wapi. Ningeuliza saa ngapi? Nilikuwa naongea.
Nimemimina sumu kwa nyumba ya mama mkwe wangu.

Jumatatu, tarehe 31
Mvua kidogo. Leo Idd. Halimah ametuma pilau kwa bodaboda, sufuria nzima, amefunga na leso yake ya maua. Nimekula. Imeshuka vizuri, Mungu anisamehe.

Jumatano, tarehe 2 mwezi wa nne
Mvua asubuhi, jua saa sita. Tumepiga.
Lillian, kwenu ng'ambo sijui mnafanya aje. Ngwen wa hii kichuguu ni wa mchana. Tunafunika matundu na blanketi na majani ya mgomba, tunaacha njia moja ya kuelekea kwa shimo iko na chungu. Halafu Mama Awor anakaa na fimbo zake mbili anapiga gogo limelala chini. Kwanza polepole, to, to, to, kama matone ya kwanza. Halafu anakaza. Wale wa chini wanasikia wanasema mvua imefika, twendeni. Wengine wote hapa wakipiga, ni kelele. Yeye akipiga, hata wewe mtu unatafuta mwavuli.
Alipiga mpaka saa tisa. Kimya.
Kwa jirani, Mama Otai, wametoka ndoo mbili.

Alhamisi, tarehe 3
Tumepiga. Kimya.

Ijumaa, tarehe 4
Tumepiga. Kimya. Nilienda kuangalia ile mguu ya upande wa migomba. Hakuna mchwa hata moja. Udongo umekauka kama chapati ya jana. Wamekufa wote, na malkia wao, na mume wake wa kukaa kando.
Nilifungua mdomo nimwambie Mama Awor. Ikatoka: "Mama, nikuletee maji?"

Jumapili, tarehe 6
Mvua kubwa. Tumepiga. Kimya.
Sitaki kuandika hii, naandika.
Kisimani tulikuwa wengi. Mama Otai akauliza mbele ya watu, "Na nyinyi kichuguu yenu imepatwa na nini? Si hata mwaka wa ukame ilitoa?" Wote wakanigeukia, na unajua kisimani mimi ndiyo redio. Nikaona mtu ataenda kuchimba, ataona, atanusa dawa.
Nikasema, "Mimi nijue wapi? Halimah alikuja akaiangalia, akasema debe tano. Tangu siku hiyo, kimya."
Nilisema hivyo tu, na hivyo tu ndiyo mbaya. Sikusema ni jicho baya. Nilinyamaza hapo, wakamalizia wenyewe.
Nilikuwa nimeshika jerikeni na ile leso ya maua. Leso ya pilau.

Jumatatu, tarehe 7
Mvua. Kimya.

Alhamisi, tarehe 10
Mvua. Tumepiga, kimya.
Maneno yamerudi kwangu leo, yamenenepa. Mama Otai amekuja kuniambia, kwa siri, kwamba Halimah alizika kitu kwa kichuguu. Yai, limefungwa na nywele. Nikamuuliza nani aliona. Akasema, "Si wewe ulikuwepo?"

Jumamosi, tarehe 12
Mvua hakuna.
Halimah alikuja na gunia zake mbili, hajui kitu. Alipofika njia panda wamama wakaita watoto waingie ndani. Moja akatema mate chini. Halimah akasimama katikati ya boma yetu, akauliza, "Mama Prossy, kuna nini? Kuna msiba?"
Nikasema hakuna.
"Basi mbona wananitazama kama mimi ndiye maiti?"
Nikasema labda ni joto. Akanitazama muda. Yeye si mjinga, anauza kwa soko mbili na mpaka katikati. Akakunja gunia zake, akapanda bodaboda, hakusema kwaheri. Katika maisha yetu yote Halimah hajawahi kuondoka kwangu chini ya kwaheri nne.

Jumanne, tarehe 15
Mvua. Hatujapiga.
Mama Awor amefunga fimbo zake na kamba ya mgomba, ameziweka juu ya dari ya jiko. Ofwono akamuuliza, akasema, "Nimechoka." Mimi niliolewa hapa nikamkuta analima, akazika mume akalima, akavunjika mkono akalima na mwingine. Hilo neno sijawahi kulisikia kwake.
Leo hakunitania hata mara moja. Nimeongea siku nzima, hakuniambia ninyamaze. Nilikuwa nangoja aniambie.

Ijumaa, tarehe 18
Ijumaa Kuu. Mvua. Padre amesema juu ya Petro na jogoo. Niliangalia viatu.

Jumapili, tarehe 20
Pasaka. Mvua ya mawe. Jonan mtoto wangu amekuja na mke na kasichana kao, Kate, miaka minne. Nyumba imejaa. Asante Mungu kwa hiyo.

Jumanne, tarehe 22
Wote wako hai. Naanza na hiyo, Lillian, usiogope.
Saa sita mvua ilinyesha, ikakata, jua ikatoka kali. Watu walikuwa kwa mahindi, wengine hapa kwa Jonan kusalimia. Nasikia Kate anaita, "Kaka! Kaka!", ndivyo anamwita Mama Awor, hakuna anayejua kwa nini. "Kaka, kichuguu inachemka!"
Tukakimbia. Upande wa juu, mbali na migomba, udongo umefunguka matundu kama kumi, mabichi, na askari wamesimama kwa kila mlango, kichwa nje. Hawakufa. Mimi nilidhani nimeua ukoo mzima, na wao walikuwa ndani wanaendelea na kazi.
Mama Awor alitoka jikoni na fimbo zake, kamba bado inaning'inia. Alikaa chini kwa tope na gomesi yake. To, to, to. Halafu akakaza. Na wakatoka, mama yangu, wakatoka, kwanza moja moja wakikausha mabawa, halafu kama maji ya moto imezidi sufuria. Mama Awor alikuwa analia huku anapiga. Sijawahi kuona machozi yake. Watu wanaitana, beseni, sinia, vifuniko, watoto wanaokota wanakula hivyo hivyo na mabawa, vile tumekula sisi sote tukiwa watoto.
Hapo ndiyo nilikumbuka jagi.
Siku zote nilinyamaza kwa sababu nilijua wamekufa, na aliyekufa haumizi mtu, ni aibu yangu tu. Lakini hawa wako hai, wametoka kwa nyumba nimetia sumu, na Kate anatafuna.
Nikapiga kelele, "Msile!" Hakuna aliyesikia. Mimi, Dorah, ambaye watu wa Mwello wote wanasema niongee polepole, nilipiga kelele na gogo lilikuwa linanishinda. Aliyesikia alidhani ni furaha, akanijibu na vigelegele.
Nikaenda kwa Mama Awor, nikamnyang'anya fimbo mkononi.
Andika hiyo kwa chuo yako, Lillian. Mke wa mtoto kumnyang'anya mama mkwe kitu mkononi, mbele ya watu. Huku hata sahani sipokei bila kupiga magoti. Gogo likanyamaza. Ikabaki sauti ya mabawa tu.
Nikasema, "Nilimwagia kichuguu dawa. Ni mimi. Mwezi wa tatu, dawa ya mchwa, jagi moja, kwa sababu ya gomesi. Msile. Tapisheni watoto. Halimah hakufanya kitu, hakuzika kitu, ni mimi nilisema vile ili msiniangalie."
Nilipoanza, sikuweza kusimama. Nilisema mpaka jina la duka.
Jonan alishika Kate, akamtoa mdomoni yale yalibaki, wakaenda na bodaboda mpaka kituo ya afya. Alikuwa amemeza watatu, yeye mwenyewe amehesabu. Watoto wengine wawili wakafuata. Watu wakamwaga beseni chini. Kuku tukafungia. Na ngwen wakaruka wote, sisi tumesimama tunatazama, kama moshi, hakuna hata moja aliyekamatwa.
Saa kumi na mbili Kate alirudi amelala begani, tumbo limejaa uji. Muuguzi amesema kama ingekuwa kitu ingeonekana. Nimepiga magoti mpaka sasa yanauma. Asante. Asante. Sijui neno ingine.

Jumatano, tarehe 23
Mvua. Nimempigia Lillian. Nimemwambia yote, nikangoja anitukane. Akasema nilifanya vizuri kuwasimamisha. Amesema mchwa wakipata mahali pabaya ndani ya nyumba wanapaziba na udongo, wanahama upande, ndiyo maana wa juu walipona. Lakini mwaka huu wasiliwe, wala uyoga wa hapo, na udongo wasile wamama wenye mimba, mpaka apime.
Akaniuliza kama niliandika saa waliyotoka. Nikamwambia saa saba na robo. Akafurahi. Watu wa chuo.

Alhamisi, tarehe 24
Mvua. Mama Awor hajaniongelesha. Niliweka chai mlangoni nikaenda.

Ijumaa, tarehe 25
Mvua hakuna.
Ameniita. Nikapiga magoti jikoni. Alikuwa anachambua mboga, hakuniangalia.
"Binti wa Masaba. Hukujua ngwen ni mchwa?"
"Sikujua, Mama."
"Miaka ishirini na sita."
"Ndiyo, Mama."
"Ungeniuliza."
Akachambua kidogo, halafu akasema, "Mimi nilidhani ni mikono."
Sikuelewa. Akainua mikono yake yote miwili, ile imevunjika na ile nzima.
"Napiga, hawaji. Napiga, hawaji. Nikasema, Awor, umezeeka, mvua yako haidanganyi tena mtu. Kila siku umeniona nakaa pale napiga, ulijua, na ukaniletea maji."
Lillian, hiyo iliniumiza kuliko kama angenichapa. Nilikuwa naogopa juu ya kichuguu na juu ya jina langu. Juu ya mikono yake sikuwahi kufikiri.
Nililia. Akaniacha nilie mpaka mboga ikaisha. Halafu akasema, "Lakini walikuja. Uliona vile walikuja?"
"Niliona, Mama."
"Basi iko sawa hii mikono." Akazitazama kama mtu amerudishiwa kitu imepotea. "Sasa simama. Nyumba ngapi uliingia na uongo wa yule binti Mwislamu?"
"Mama, nilisema kisimani tu, mara moja."
"Nyumba ngapi imefika?"
"Zote."
"Utaingia zote. Unaanza kwa Mama Otai. Na usiongee haraka, wasije wakasikia nusu."

Jumamosi, tarehe 26
Mvua. Nyumba tisa. Mama Otai alitaka kubaki na yai na nywele, anasema alishawaambia watu wa kwao. Nikamwambia aende awaambie tena.

Jumapili, tarehe 27
Nyumba kumi na nne. Sijawahi kuchoka na kuongea. Leo nimechoka.

Jumatatu, tarehe 28
Mvua. Nyumba sita, na kisimani. Moja ameniambia uso kwa uso kwamba mdomo wangu ungetiwa ile dawa. Nikasema umesema kweli, nikaenda nyumba ingine.
Jioni nimekuta udongo mbichi juu ya kichuguu, umelowa, wa rangi ingine. Wanajenga. Nimekaa hapo nikiwatazama. Niliwaambia pole. Ofwono alisikia, hakucheka, alikuja akakaa kando yangu mpaka giza.

Alhamisi, tarehe 1 mwezi wa tano
Mvua asubuhi. Ngwen hakuna.
Nimeenda Busia. Mama Awor amenipa mahindi makavu ya mwaka jana, na maganda yake, ya ile mistari nyeusi yake, akasema, "Peleka kwa yule wa debe tano."
Halimah alikuwa kwa meza yake sokoni, anapima dagaa ya mtu. Aliniona, akaendelea kupima. Nikasimama kando mpaka mteja akaenda. Nikamwambia yote nimesimama, na watu wanapita. Gomesi, dawa, kisima, leso. Hata ile mate ya njia panda, kwamba niliiona nikasema ni joto.
Akanisikiliza. Macho yake yakajaa, akayafuta na kiganja chenye harufu ya dagaa, yakawasha, akajilaani.
"Nilikaa hapa siku kumi na nane," akasema. "Najiuliza nimemkosea nini Dorah. Nilihesabu mpaka mambo ya zamani."
"Hukunikosea kitu."
"Najua sasa. Lakini zile siku kumi na nane nani atanirudishia?"
Nikasema sijui. Ilikuwa kweli, sijui. Tukakaa kimya, sisi wawili, na jirani yake wa vitunguu akainua kichwa kuangalia kama tuko wagonjwa.
Halafu akachukua mahindi, akabandua ganda, akaangalia punje. Akasogeza ndoo aliyokalia, akavuta kigoda, akafunika dagaa na gunia.
"Bado nimekasirika," akasema. "Kaa. Ulimnyang'anya mama mkwe fimbo?"
"Mkononi."
"Mbele ya watu?"
"Watu wote."
"Na yeye akasema nini? Usiruke kitu, Mama Prossy. Anza pale mvua inakata."
Nikakaa, nikaanza.